Presha ya Mezani

Mtu akistaafu akiwa bado na meno yote mdomoni, watu huuliza alifukuzwa kwa kosa gani. Sikufukuzwa. Nilifanya udaktari miaka kumi na miwili katika milima hii ya Kigoma, kwanza Kasulu, halafu Kibondo, kisha nikaandika barua ya kuacha kazi na kwenda kufuga nyuki pamoja na mume wangu. Nina miaka thelathini na tisa. Kwa hiyo, wadogo zangu mnaoripoti mwaka huu na vyeti ambavyo bado vinanukia wino, msinisome kama bibi anayesimulia. Nisomeni kama dada aliyepita njia hii mbele yenu na kujikwaa kwenye mawe ambayo bado yapo.

Nawaonya pia kwamba mimi ni mbishi. Nimezaliwa Korogwe, katika nyumba ya watu wanaobishana hata juu ya chumvi ya mchuzi, na chuo kikuu kikaniongezea maneno ya kubishia. Nani kasema? Alipima nini? Alipima mara ngapi? Maswali hayo nilikuja nayo Kasulu na nimeondoka nayo. Nitakayowaambia msiyakubali kwa sababu nimeyasema mimi. Chukueni mashine, mkapime.

Nilipangiwa kliniki ya presha, kila Jumanne. Nilikuta chumba chenye meza kubwa ya mninga, daftari la wagonjwa, muhuri na wino wake wa buluu, na foleni inayoanzia mlangoni hadi kwenye bomba la maji. Nikajiwekea utaratibu nilioupenda sana. Mgonjwa anaitwa majina yote matatu. Anasimama mbele ya meza, anataja kijiji, anaonyesha kadi, anakaa, anaweka mkono juu ya meza, anapimwa, namba inaandikwa, muhuri unagongwa, anaitwa anayefuata. Saa nne asubuhi foleni imekwisha. Nilijiona fundi.

Chumba cha pili alikuwamo Yeremia, muuguzi mzaliwa wa Munanila, aliyebakiza miaka minne kustaafu. Foleni yake haikuwa inasogea. Mgonjwa akiingia, Yeremia anainuka, anapiga makofi ya taratibu kama Waha wanavyomwamkia mtu wanayemheshimu, anasema "Mwakeye", mgonjwa anaitikia, na hapo ndipo safari inaanza: watoto, maharage, ng'ombe, mvua, mgonjwa wa jirani, msiba wa juzi. Yeremia akimaliza kuuliza, mgonjwa naye anauliza yote hayo hayo. Kisha wote wawili wananyamaza kidogo, kama watu waliotua mizigo. Ndipo Yeremia anachukua mkanda wa mashine na kuufunga mkononi.

Nilivumilia wiki tatu. Ya nne nikamwambia kwamba salamu si tiba.

"Sijaanza kutibu, dokta," akasema. "Nasubiri mgonjwa afike."

"Si huyo amekaa mbele yako?"

"Mwili ndio umekaa. Moyo bado unapanda mlima."

Nilicheka. Lakini kilichonikera hakikuwa maneno yake, kilikuwa daftari lake. Namba zake zilikuwa ndogo kuliko zangu, wiki baada ya wiki, na wagonjwa walikuwa wa vijiji vile vile, wengine walipita kwangu wiki moja na kwake wiki nyingine. Nikawaza sababu ambayo hata ninyi mngeiwaza kwanza: mzee hasikii. Alikuwa anatumia mashine ya zamani ya zebaki na kusikiliza mapigo kwa masikio yake, na mtu mwenye masikio mazito huchelewa kulisikia pigo la kwanza, hivyo namba ya juu inaandikwa pungufu. Nikamtega. Jumanne mbili mfululizo nilikaa chumbani kwake, na kila alipomaliza kupima, nikapima na mimi mkono ule ule. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Kosa pekee nililomkuta nalo ni kwamba namba zake zote ziliishia na sifuri, na nilipomuuliza alisema Mungu hapendi watu wanaohesabu makombo. Nikamfundisha kusoma mbili mbili kama inavyotakiwa. Alitii, lakini alinung'unika hadi siku anastaafu.

Kwa hiyo namba zake ndogo zilikuwa za kweli. Zangu kubwa pia zilikuwa za kweli. Mtu mmoja, presha mbili.

Habari hizi nilikuwa nimezisoma na kuzifaulia mtihani bila kuzielewa. Wengi wetu tulitoka chuoni na picha moja ya hofu: tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo zinamwaga homoni kwenye damu, damu inazunguka, mwili mzima unashtuka. Kama gari la matangazo linalopita mjini Kasulu siku ya soko, kila mtu anasikia tangazo lile lile. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni neva. Kutoka kwenye uti wa mgongo, neva nyembamba zinakwenda hadi kwenye moyo, na nyingine hadi kwenye figo, na ncha zake zimetapakaa mle ndani kama mizizi ya nyasi. Ncha hizo zina homoni yake, noradrenalini, ndugu wa karibu wa ile ya tezi. Yenyewe haitangazi barabarani. Inabisha hodi mlango kwa mlango. Kwa moyo inasema: piga haraka, piga kwa nguvu. Kwa figo inasema: shika chumvi, shika maji, bana mishipa, amsha kile kimeng'enya kinachopandisha presha.

Na hapa ndipo mimi mbishi ninapokosa la kubisha. Ncha ya neva ikishamwaga homoni yake, huiokota. Mmemwona mama anayepepeta maharage: punje zinazoruka anaziokota na kuzirudisha kwenye ungo, chache tu ndizo zinazopotelea kwenye majani. Neva hufanya hivyo hivyo. Sehemu kubwa hurudishwa ndani itumike tena, na kidogo kinachoponyoka huvujia kwenye damu. Kuna watafiti waliowaza kwamba hicho kinachovuja kinaweza kupimwa. Wakapitisha mirija myembamba hadi kwenye mshipa unaotoa damu kwenye misuli ya moyo, na hadi kwenye mshipa unaotoa damu kwenye figo, wakalinganisha damu inayoingia na inayotoka. Wakakuta kila kiungo kina kiasi chake. Figo zinaweza kuwa zinavujisha nyingi wakati moyo umetulia. Damu ya mkononi haiwezi kukuambia hayo, maana humo yote yamekwisha kuchanganyika. Nilipoyasoma upya, safari hii nikiwa na wagonjwa wenyewe mbele yangu, nilibaki nimeshika kalamu bila kuandika. Mwili hauogopi jumla jumla. Unaogopa kwa anwani.

Yeremia hakulijua jina la homoni hiyo. Alichokijua ni muda ambao mwili unahitaji kuiokota.

Basi shikeni haya machache kabla sijafika kwenye kosa langu. Msimpime mtu aliyetoka kupanda mlima. Msimpime mtu aliyebanwa na mkojo. Wengi hawaendi chooni kwa kuogopa kupoteza nafasi kwenye foleni, kwa hiyo ulizeni, na mkimruhusu aende, mlindieni nafasi yake. Msifunge mkanda juu ya kitenge. Mkulima mwenye mkono mnene anahitaji mkanda mpana, la sivyo mashine itamsingizia. Miguu ikae chini, isining'inie. Na msizungumze naye wakati mashine inapima. Salamu zote ziishe kabla.

Hili la mwisho nilifundishwa Nyarugusu, tulipokwenda kwenye kambi ya wakimbizi kusaidia kliniki ya siku moja. Mzee mmoja Mkongomani alikaa mbele yangu akasema, "Niko na tansyo, dokta, lakini ya leo ni yako." Tansyo kwao ni presha. Nikamuuliza kivipi. Akasema tangu nimfunge mkanda nimemuuliza maswali saba, na mawili ya hayo yalihusu marehemu mke wake. Nikafungua mkanda. Nikanyamaza dakika tano kwa saa, nikapima tena, ikawa imeshuka, na alikuwa na haki ya kunicheka.

Sasa kosa.

Generoza alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja kutoka Makere, mkulima na muuzaji wa maharage, mwenye mikono ya kazi na sauti ya chini. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye na mdogo wake Deo walikulia hapa na siku hizi ni raia. Deo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na figo zake zote mbili zilikuwa zimeshindwa. Alikuwa anasafishwa damu kwa mashine katika mji wa mbali, mara tatu kwa wiki, na kila mwezi alizidi kukonda. Generoza ndiye ndugu pekee aliyebaki, na vipimo vilionyesha kwamba figo yake ingemfaa. Kikwazo kilikuwa presha. Hospitali kubwa ilimpima, ikaikuta juu, ikamrudisha kwetu na karatasi: mwenye presha ya juu hatolewi figo, kwa sababu atahitaji zote mbili. Tumfuatilie, kisha arudi na rekodi inayoonyesha kwamba yuko sawa. Bila hiyo, Deo angebaki kwenye mashine, na ilikuwa wazi kwamba hatadumu nayo.

Nilimpima mezani: 168 kwa 102. Wiki iliyofuata: 172 kwa 104. Nikampa kidonge. Haikushuka. Nikaongeza cha pili. Ikabaki pale pale, nami nikamkaripia mbele ya watu kwamba hamezi dawa, kwamba anacheza na maisha ya mdogo wake.

"Nameza, dokta," akasema. Hakuniangalia. Alikuwa anauangalia muhuri.

Wiki ya sita aliletwa kwa pikipiki na jeraha juu ya jicho. Alikuwa anapalilia, akainuka ghafla kwenda kunywa maji, akaangukia mpini wa jembe. Yeremia alimpokea, akamlaza kwenye kitanda cha chumba chake, akampima, akaja kuniita. Nilipomwona akija mikono nyuma nilijua kuna jambo. Akasema ni 92 kwa 56. Nikasema haiwezekani. Akanipisha. Nikapima mwenyewe, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. 94 kwa 58.

Nilikuwa nimempa mtu mwenye presha ya kawaida dawa mbili za kushusha presha. Shambani kwake, mbali na meza yangu, dawa zilikuwa zinamwangusha. Yeremia hakunisuta. Ningependa angenisuta.

Alipokuwa anamshona jeraha, alimuuliza kwa Kiha, taratibu, anaona nini akikaa mbele ya ile meza. Generoza alingoja uzi wa mwisho ufungwe. Kisha akasimulia, na Yeremia akanitafsiria. Alikuwa na miaka tisa, Deo yuko mgongoni. Walisimama na baba yao mbele ya meza, wanaandikishwa pamoja na wageni wengine waliotoka Burundi. Mtu aliyekaa nyuma ya meza alifungua daftari, akatafuta jina la baba, hakuliona. Akawaambia wasimame pembeni. Walisimama pembeni tangu asubuhi hadi alasiri, wanatazama watu wengine wanapita, hakuna anayewaambia kitu. Halafu jina likaonekana ukurasa mwingine. Muhuri ukagongwa, wakaenda nyumbani.

Nilingoja sehemu iliyobaki. Generoza akaona nangoja, akanimalizia mwenyewe kwa Kiswahili: "Hakuna kilichotokea, dokta. Tulisimama tu pembeni."

Mtu mwingine angelia hapo. Mimi nilibisha, moyoni. Hadithi si ushahidi. Nimewapima watu wengi wenye hadithi nzito kuliko hiyo na presha yao ilikuwa ya kweli, yenye dalili machoni na kwenye figo. Na mtu anayetaka kutoa figo ana kila sababu ya kunipa hadithi. Kwa hiyo nilimwachisha dawa zote mbili, nikamfuatilia kwa karibu wiki mbili, kisha nikaanza kumpima Jumanne nne mfululizo kama mtu anayepeleleza wizi. Mashine ile ile, mkono ule ule, mpimaji yule yule. Jumanne ya kwanza nilianza naye mezani, kisha kwenye benchi la nyuma ya jengo, bila koti jeupe, sote tumeelekea upande mmoja, tumesalimiana hadi mwisho na kukaa kimya. Jumanne ya pili nikageuza, benchi kwanza, ili isije ikawa namba ya pili inashuka kwa sababu tu ni ya pili. Yeremia alitoa kichwa dirishani.

"Dokta, huyu si ng'ombe wa mnadani umzungushe kila kona."

"Acha azungushe," Generoza akajibu. "Akishindwa kuamini mimi, aamini benchi."

Mezani, Jumanne tatu za kwanza, haikuwahi kushuka chini ya 160. Kwenye benchi: 122, 118, 124, 118. Jumanne ya nne nilificha muhuri na daftari kwenye droo bila kumwambia, nikaacha meza tupu. Ikawa 144. Nilikaa nikaitazama namba hiyo. Meza ilikuwa na sehemu yake na muhuri ulikuwa na sehemu yake, na mwanamke huyu hakuwa na habari na hesabu hiyo. Moyo wake na figo zake ndivyo vilivyokuwa vinaihesabu, kwa neva zile zile ambazo miaka zaidi ya thelathini iliyopita zilimsimamisha pembeni wima, macho makavu, mdogo wake mgongoni, bila kuanguka. Nilikuwa nimeziita ugonjwa. Zilikuwa zinafanya kazi yake.

Lakini hospitali kubwa haingekubali benchi. Nikamwazima mashine yangu ya betri aende nayo nyumbani mwezi mzima, apime asubuhi na jioni, aandike kwenye daftari la shule. Akarudi na daftari safi, mwandiko umenyooka, namba zote kati ya 112 na 126. Hakuna hata moja mbaya. Nanyi mngeshtuka. Mwezi mzima bila siku mbaya hata moja, na mdogo wake anakufa?

Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba mashine ile hutunza namba zake yenyewe, na tarehe na saa. Nikaifungua mbele yake. Namba zake zilikuwamo, zote, kama alivyoandika. Na kulikuwa na nyingine kumi na moja ambazo hazikuwa kwenye daftari, za mchana, zote juu ya 180.

Nikamgeuzia kioo cha mashine. Nilimwambia kwamba hizi amezificha, na kwamba nikizipeleka hivi safari ya Deo imekwisha, na nisipozipeleka mimi ndiye mwongo.

Alizisoma moja moja. Kisha akaanza kucheka, cheko la chini la mtu aliyechoka. "Hizo za mama mkwe," akasema.

"Mama mkwe amefuata nini kwenye mashine yangu?"

"Aliitamani. Mara kwa mara baada ya chakula cha mchana anataka apimwe kama mimi. Ningemkatalia vipi, dokta? Nakaa kwake."

Mnajua nilichofanya. Nilipanda pikipiki hadi Makere. Bibi huyo nilimkuta anapukuchua mahindi barazani, mwanamke mkubwa, ametulia kama jiwe la kusagia. Alinisalimu kwa raha zake, akanikaribisha, akaniuliza kama huko Korogwe watu huzaliwa wembamba hivi au ni mishahara. Hakuogopa koti langu, hakuogopa mashine, hakuogopa chochote nilichoweza kukifikiria. Nikapima baada ya mazungumzo, baada ya ukimya, mkono huu na mkono huu. 192 kwa 110. Nikatoa daftari na kalamu nione kama itabadilika. Ikabaki 190. Nilimwambia anaumwa. Akasema yeye haumwi, ana hasira tu na wajukuu, tena hasira zenyewe za kawaida. Alikubali kumeza dawa kwa sharti moja, kwamba kliniki apokelewe na yule Muha anayejua kusalimia, asipokelewe na mimi.

Nilirudi Kasulu nimepigwa vumbi na furaha. Wadogo zangu, hilo liandikeni mahali. Yule aliyetetemeka alikuwa mzima. Yule aliyetulia ndiye aliyekuwa mgonjwa. Uso wa mtu si mashine ya presha.

Nikaketi kuandika barua kwa hospitali kubwa. Niliandika kurasa nne juu ya neva, noradrenalini, mirija kwenye mshipa wa figo. Yeremia alizisoma zote akiwa amevaa miwani yake, akanirudishia.

"Weka namba," akasema. "Maneno wanayo."

Nikaweka namba: za mezani, za benchi, za meza tupu, za nyumbani. Nikaeleza kwa mistari mitatu za mama mkwe ni zipi na nimezithibitishaje. Nikaomba jambo moja tu, kwamba wasiamue kwa kipimo cha mezani.

Yaliyotokea huko alitusimulia Generoza mwenyewe. Aliingia ofisini, meza, daftari, jina refu, kadi. Wakampima: 166. Daktari kijana aliyekuwa zamu aliiangalia namba, akaichukua barua yetu, akasoma ukurasa wa kwanza. Kisha akamwambia asubiri pembeni.

Generoza alisogea ukutani akasimama, hakukaa, ingawa kiti kilikuwepo. Alisimama akiwaza kwamba safari hii jina halitaonekana ukurasa mwingine, na kwamba atarudi kumwambia Deo nini. Akajiambia wakimwita atawaomba wamchukue hivyo hivyo, na presha yake, atie sahihi popote. Alisimama mpaka watu wote waliokuja nyuma yake wakaisha.

Kumbe daktari alikuwa amekwenda kutafuta mashine. Alirudi na ile ndogo inayovaliwa mkononi siku nzima na kujibana yenyewe kila baada ya muda, iwe unatembea, unakula au umelala. Akamfunga, akamwambia aende akakae na mdogo wake, arudi kesho saa kama hiyo. Akaomba radhi kwa kumsubirisha. Generoza alisema neno hilo la radhi ndilo lililomliza, barabarani, na kwamba mashine ilimbana wakati analia, akaogopa kwamba machozi yameharibu kila kitu.

Hayakuharibu. Wastani wa siku nzima ulikuwa wa mtu mzima wa afya. Waliangalia na mengine yote yanayotakiwa kuangaliwa, macho, mkojo, moyo, wakamkubali.

Miezi minane baadaye walikuja Kasulu wawili, dada na mdogo wake, Jumanne. Nilikuwa namwona Deo kwa mara ya kwanza. Mashavu yalikuwa yamerudi, na alikuwa amemfungashia Yeremia kuku kwenye kikapu. Nilimwomba Generoza kitu kisichokuwa cha lazima, na mngekuwa mimi mngeomba: anikalie mezani mara moja. Alikubali. Nikampima. 164. Tukatoka, benchi, salamu, ukimya: 120. Figo moja, na bado inajua meza ni meza.

"Na hii je?" Deo akauliza, akijigusa chini ya tumbo upande wa kulia, pale wanapoiweka. "Hii nayo ikiona muhuri inashtuka? Maana mimi sikuwa mwoga. Nisije nikawa nimepewa na woga."

Dada yake alimpiga begani, lakini aligeuka kunisikiliza.

Nikawaeleza. Waliopandikiza waliunganisha mshipa unaoingiza damu, mshipa unaotoa damu, na mrija wa mkojo. Neva hazikuunganishwa. Ni nyembamba mno, tena figo inaweza kuchuja bila hizo. Zilikatwa siku ile ilipotoka kwa Generoza. Baadaye neva za Deo zinaweza kuchipua kidogo kidogo kuelekea pale, wengine wanasema hivyo na mimi bado nabishana nao kuhusu kiasi. Lakini kwa sasa hakuna ncha inayoibishia hodi figo hiyo. Inachuja damu kwa utaratibu wake, asubuhi na jioni. Watu wakigonga mihuri, yenyewe haina habari.

Yeremia alikuwa amesimama mlangoni na kuku wake.

Generoza akanyoosha mkono, akauweka juu ya shati la mdogo wake, pale pale, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala asimwamshe.

"Basi moja imepumzika," akasema.